Kunoa Wembe si Kunoa Panga

Juzi kijana mmoja mwenye saluni alinifuata hapa Rasbura, ninapoishi kwa mwanangu, akiwa na wembe wa kukunja ndani ya kiboksi kilichochorwa mzungu mwenye ndevu. Alikuwa ameuagiza kwa simu. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia marahaba, kisha akaukunjua kwa madaha yote kama anayeonyesha pete ya uchumba. Nikaupitisha kwenye ukucha wa dole gumba. Wajukuu zangu, wembe ule usingekata hata ugali. Nikamuuliza ameunoa na nini. Akasema amefuata video, akautia kwenye jiwe la mama yake la kunolea visu, na mtu wa kwenye video alisema ni dakika chache tu. Nikamwambia anionyeshe saluni ya huyo mtu wa kwenye video ili twende akatunyoe sote.

Aliondoka amenuna kidogo, lakini jiwe alilokuja nalo aliliacha, maana yake atarudi. Kwa hiyo nimeona niandike, kwa sababu nikieleza kwa mdomo nyinyi huwa mnatazama simu.

Kwanza tuelewane. Saluni zenu nimeziona, za hapa Lindi na za Kilwa Masoko. Vioo kila upande, muziki wa kumtoa maiti kaburini, kiti kinalala kama kitanda, na kinyozi ana mashine inayofanya kazi yote isipokuwa kupokea pesa. Wembe mnaukata nusu, mnaupachika kwenye kishikio, mnapangusa shingo, mnatupa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kutumia wembe mpya kwa kila mteja ni jambo jema, na miaka yangu ya mwisho kazini nami nilifanya hivyo hivyo. Magonjwa hayana utani. Ila msije mkaniambia mnayajua makali. Nyinyi makali mnayanunua dukani.

Mimi ni Mmwera wa ndani, mtoto wa mikorosho. Kabla sijaota ndevu nilikuwa najua kunoa panga kuwashinda wajomba zangu, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yangu. Mtu asiyejua kitu hufundishika haraka. Wa kumwogopa ni yule anayejua kitu kinachofanana nacho.

Nilipofika Kilwa Kivinje kutafuta riziki alinipokea Fundi Abeid, kinyozi aliyeweka kiti chake kwenye baraza ya jumba moja la zamani la Wajerumani ambalo paa lake lilikuwa limeshakwenda na mvua. Alikuwa mzee mfupi, msafi, mwenye ulimi uliokata kuliko vifaa vyake. Wazee wa mji hawakukubali kuguswa kichwa na mtu mwingine. Asubuhi ya Ijumaa walijipanga pale kofia mkononi, wakingoja kusafishwa kabla ya swala, na msururu ulifika mpaka kwa muuza kahawa. Kazi yangu ilikuwa kufagia nywele, kuchemsha maji na kukoroga povu la sabuni. Nikafanya hivyo mpaka nikaanza kuota povu.

Siku moja akanipa wembe wake wa zamani, mpini umepasuka, na kinoo. Akasema, noa. Akaenda zake kunywa kahawa.

Nikaunoa kama panga. Niliuinua mgongo, nikaukandamiza, nikatema mate kwenye jiwe, nikaanza na wimbo wa shambani ili mkono upate mwendo. Chuma kilitoa mlio wa kuridhisha. Aliporudi nilikuwa nimeketi kama bwana harusi. Fundi Abeid akauinua wembe kwenye mwanga, akautazama upande huu na upande huu, akaukunja taratibu, akaniwekea kiganjani. Akaniambia niende nao kwetu nikapalilie mikorosho. Muuza kahawa alisikia, na tangu siku hiyo kila mteja aliyenunua kikombe kwake alipewa maneno hayo bure.

Sikilizeni sasa, kijana wa Rasbura na wenzako. Wembe wa kukunja una mgongo mnene, na mgongo huo haukuwekwa kwa urembo. Unaulaza wembe wote juu ya jiwe, mgongo na makali viguse kwa pamoja, unausukuma makali yakiwa mbele. Hukandamizi. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ukifika mwisho wa jiwe unaugeuza kwa mgongo, huugeuzi kwa makali, halafu unarudi. Ukiinua mgongo kidogo tu, kama ulivyozoea kwenye panga, umeyavunja makali yote uliyoyajenga tangu asubuhi. Kichwa changu kilielewa siku ile ile. Mkono ulikuwa Mmwera zaidi ya kichwa, ukaendelea kuinuka wenyewe kwa miezi.

Na jiwe nalo liwe tambarare. Jiwe lililonolewa visu vya samaki miaka yote lina bonde katikati, na wembe ukipita bondeni unaguswa ncha tu na kitako cha karibu na mpini. Mwaga mchanga mlaini kwenye sakafu ya saruji, tia maji, lisugue jiwe juu yake mpaka bonde liishe. Hilo la mama yako mbuzi anaweza kunywea maji. Nimeanza kulisugua mimi, kwa sababu nakujua hutalisugua.

Shida ya Kivinje ilikuwa kwamba kila mwenye kisu alikuwa mwalimu. Mchinja ng'ombe alinishauri ninoe kwa kuzungusha. Fundi seremala akasema nitie mafuta ya nazi, nikatia, jiwe likanata kwa utando mpaka ikabidi nilisugue upya kwa majivu. Aliyenimaliza alikuwa mvuvi mmoja, mtu wa heshima zake, aliyeniapia kwamba maji ya bahari yana ukali wake, na ndiyo maana visu vya wavuvi havilali butu. Bahari ilikuwa pale pale, haina mlinzi. Nikachota, nikanoa jioni nzima kwa raha, nikaufuta wembe juu juu, nikaufunga kwenye kitambaa, nikalala. Asubuhi ulikuwa na madoa ya kutu kuanzia ncha mpaka mpini. Fundi Abeid akaunusa, akaniuliza, "Huu umeunoa au umeuvua?"

Muuza kahawa ndiye aliyejibu.

Kuna jambo jingine ambalo video haisemi: unayejifunza kunoa lazima ujaribu makali, na mahali pa kujaribia ni mwili wako. Nilianza na mkono wa kushoto. Ulipokwisha nikahamia wa kulia, kisha miguu. Nikajaribu na kidevu changu mwenyewe, nikagundua kwamba walionena kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata, hawakuwa wanapamba maneno. Kwa hiyo nikawa natembea mjini nina mikono isiyo na unyweleo, na plasta kidevuni, na kila mtu alijua maana yake. Kanzu ya mikono mirefu ilinisitiri, isipokuwa mahali pamoja: bombani msikitini, wakati wa kutawadha.

Hapo ndipo aliponinasa baba mkwe wangu.

Nilikuwa nimemwoa Mwanaisha, binti wa Mzee Shomari, mwuza mchele na unga, mtu wa Kivinje tangu babu wa babu yake. Namna alivyonikubali ni hadithi ndefu. Kwa kifupi, mke wake alinipenda kwa sababu naamkia vizuri, naye Mzee Shomari alimwogopa mke wake. Ijumaa ile nikakunja mikono ya kanzu nikaanza kutawadha. Mzee akanitazama kwa utulivu, halafu akamwuliza jirani yake tangu lini kuku walionyonyolewa wakaanza kuja kuswali. Watu walicheka huku wanasukutua, mmoja akapaliwa.

Baada ya swala alinisubiri kwenye viatu. Pale hakutania. Mwanaisha alikuwa na mimba, na Mzee Shomari alikuwa ameshakata shauri.

"Issa," akasema. "Mtoto akizaliwa atanyolewa siku ya saba, kama wajukuu zangu wote. Utamnyoa wewe, mbele ya watu, kwa wembe ulionoa mwenyewe. Ukishindwa atamnyoa Fundi Abeid, na kesho yake utakuja dukani kwangu kubeba magunia. Sitaki mkwe anayejifunza kazi mpaka wanawe wanaota ndevu."

Nikasema ndiyo, baba. Mlitaka niseme nini?

Kubeba magunia si aibu, na waliobeba walilisha watoto wao. Lakini nilijua nikiingia dukani mwa baba mkwe sitatoka. Mchele ukipungua nitaulizwa, panya akizaa nitaulizwa. Na niseme wazi, nilikuwa nimeipenda kazi ya kinyozi. Nilipenda namna mtu anavyokaa kitini amebeba shida zake za nyumbani, halafu povu likishapakwa na wembe ukianza kupita, anafumba macho. Hata wazee wakali walifumba macho mikononi mwa Fundi Abeid. Nilitaka siku moja watu wafumbe macho mikononi mwangu, na niliogopa usiku na mchana kwamba haitatokea.

Fundi Abeid alipopata habari alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema atanikumbuka, maana sijawahi kuchelewa. Nilidhani sasa atanionea huruma anishike mkono anifundishe. Wapi. Nyinyi mnalipia mafunzo na mnapewa cheti chenye picha. Fundi Abeid alikuwa anakuacha uharibu, kisha anakucheka, na hiyo ilikuwa ada. Neno moja tu alinipa. Aliniambia niache kuukodolea wembe macho, niusikilize. Wembe ukilala sawa juu ya jiwe unatoa sauti moja tangu kitako mpaka ncha. Sauti ikikatika katikati, mkono umeinuka. Nikaanza kunoa nimefumba macho, na muuza kahawa akaeneza habari kwamba Mmwera wa Fundi Abeid siku hizi ananoa usingizini.

Sauti ikanyooka. Wembe ukaanza kukata, lakini upande mmoja tu. Karibu na mpini uliondoa nywele bila kuomba ruhusa, ncha ikawa inang'oa. Nilinoa zaidi, haikubadilika. Mimba ya Mwanaisha ilikuwa imefika mahali ambapo mwanamke anainuka kwa kushika ukuta, na mimi bado nilikuwa na nusu wembe.

Asubuhi moja nilikuwa nanoa uani, naye ameketi kwenye kibao cha mbuzi anasugua sufuria kwa makumbi na majivu. Akaniuliza, mume wangu, mimi nikisugua sufuria najua mkono umefika wapi, kwa kuwa usipofika masizi yanabaki. Wewe unajuaje jiwe limefika wapi? Akachovya kidole kwenye masizi ya sufuria iliyokuwa haijasuguliwa, akaniamuru nishike wembe vizuri nisimkate, akaupaka mweusi makali yote upande huu na upande huu. Kisha akasema, noa sasa.

Nikapitisha mara chache, nikaugeuza kwenye jua. Karibu na mpini chuma kilikuwa cheupe. Kuelekea ncha masizi yalikuwa yametulia hayajaguswa. Miezi yote ile jiwe lilikuwa halijawahi kuiona ncha ya wembe wangu. Mwanaisha aliutazama, akarudi kwenye sufuria yake, akasema baba yake akiuliza nani alinifundisha nimwambie ni video. Hapana, video hazikuwepo. Alisema nimwambie ni malaika. Lakini mngemwona alivyosema.

Basi pakeni masizi. Palipobaki peusi hapajanolewa, na hakuna maneno mengine. Nikabadili mkono, wembe nikauvuta mshazari ili ncha nayo ipate zamu yake, na baada ya siku kadhaa masizi yakawa yanaondoka yote kwa mkupuo mmoja. Kutoka hapo nikahamia jiwe laini, halafu mkanda wa ngozi. Kwenye mkanda mwendo unageuka: mgongo mbele, makali nyuma, la sivyo unachana mkanda na kuua makali kwa pigo moja. Mkanda uvutwe ukazwe, usilegee. Wa mwisho kabisa ni kiganja chako mwenyewe, kikavu, polepole. Mkiona mtu anapiga wembe kiganjani kwa mbwembwe ili wateja wamwone, msimwige, mtakuja kunihesabia vidole. Nilichukua unywele mmoja kwenye kitana cha Mwanaisha, nikauning'iniza juu ya makali. Ukaanguka vipande viwili, na sikuhisi chochote mkononi.

Zuhura alizaliwa salama, na nywele nyingi kana kwamba alikuwa anajua ana miadi. Siku ya saba mbuzi alichinjwa nyumbani kwa Mzee Shomari, pilau ikapikwa, wazee wakajaa barazani na wanawake wakajaa mlangoni. Fundi Abeid alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Mfukoni alikuwa na wembe wake, na alihakikisha nimeuona. Mimi nikatoa wangu, ule wenye mpini uliopasuka, nikauweka juu ya kitambaa cheupe.

Mwanaisha akatoka na mtoto. Mzee Shomari akamfunua kichwa, akatazama utosi unavyopanda na kushuka chini ya ngozi, akageuka akautazama wembe. Nikamwona anaogopa. Yeye aliyepanga yote yale, mbele ya viatu msikitini, sasa alikuwa babu mwenye mjukuu wa siku saba. Akasema hakuna wembe utakaogusa kichwa kile kabla haujapita kwenye kichwa kingine. Akauliza nani atajitolea.

Mngewaona wanaume wa Kivinje. Kofia zote zilishuka mpaka kwenye nyusi. Mmoja akakumbuka kwamba nyama ya mbuzi haijasimamiwa vizuri. Fundi Abeid akasema nywele zilizombakia ni chache, anazitunza. Mwishowe Mzee Shomari akavua kofia yake mwenyewe, akaketi kwenye kigoda katikati ya watu. Shughuli za uzazi zilikuwa zimemkosesha kunyolewa Ijumaa iliyopita, kwa hiyo kichwa kilikuwa na kazi. Akaniambia nikimkata naanza siku hiyo hiyo, tena na gunia la chumvi.

Nikamlowesha kichwa, nikampaka povu, nikamfunga shuka mabegani. Yeye akaanza kuzungumza na wageni. Alikuwa ameingiwa na hofu, na mtu kama yeye akiogopa hutania. Akawaeleza habari za mikono yangu isiyo na unyweleo. Akawaeleza habari za kupalilia mikorosho kwa wembe, kama alivyouziwa na muuza kahawa. Akasema sisi watu wa ndani tukipewa sindano tunaitia mpini. Mimi nilikuwa nasikiliza wembe.

Aliendelea hivyo kwa kitambo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwa wageni.

"Mnamwona? Anaogopa. Ananipapasa na sabuni tu. Issa, utaanza lini?"

Kule mlangoni wanawake walikuwa wamejiziba midomo kwa kanga. Mimi nilikuwa nimeshafika nyuma ya sikio.

"Nakuuliza wewe. Wageni wana njaa."

Fundi Abeid akaweka kikombe chini. "Shomari," akasema, "jishike kichwa."

Mzee Shomari akapandisha mkono upande wa kulia. Kiganja kikateleza kutoka kwenye paji mpaka kisogoni bila kukutana na kitu. Akakirudisha kisogoni mpaka kwenye paji. Akatazama shuka mabegani mwake, akaziona nywele zake nyeupe zimelala pale. Akakitazama kiganja kama kina damu, hakikuwa nayo. Barazani kicheko kililipuka mpaka kwa waliokuwa jikoni, na muuza kahawa, ambaye hakualikwa lakini alikuja, alikuwa ameshika nguzo ili asianguke. Mzee Shomari hakucheka. Alikaa vile vile, upande mmoja unang'aa na upande wa pili una povu.

"Mleteni mtoto," akasema.

Nikamwambia baba, bado upande mmoja. Akasema upande mmoja utasubiri. Akampokea Zuhura kutoka kwa Mwanaisha kwa mikono yake mwenyewe, akampakata pale pale kwenye kigoda, akakishika kile kichwa kidogo kwa viganja viwili kisicheze. Nikapiga goti mbele yao, nikalowesha zile nywele laini. Na hapo, wajukuu zangu, baada ya yote yale, nikauinua wembe, ukaishia hewani. Kichwa cha Mzee Shomari kilikuwa cha Mzee Shomari. Hiki kilikuwa cha mwanangu. Nilishindwa kuusogeza wembe.

Aliniona. Povu lilikuwa linamchuruzika shingoni na hakulifuta. Akainama mpaka wageni wasiweze kusikia, akaongea nami kwa sauti ambayo sikuwahi kupewa nyumbani mwake.

"Nyoa, mwanangu," akasema. "Hauumi."